Mfuko Haupalii Wali

Kila aliyeshuka basi Misungwi njaa ikimuuma, kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Shinyanga, amekwisha kukiona kitendo chenyewe. Maji ya wali yamekauka, mwiko umepita mara ya mwisho, moto umepunguzwa. Hapo mama lishe anavuta mfuko wa plastiki uliokuja na mzigo wa sokoni, anautandaza juu ya wali hadi kwenye ukingo wa sufuria, anafunika, kisha anapanga makaa juu ya mfuniko. Mlaji haulizi kitu, maana nyumbani kwake wanafanya vivyo hivyo.

Ni kosa, tena kosa la ufundi kabla halijawa kosa la afya. Linauma zaidi kwa sababu linatendeka katika jiko ambalo vitu vingine vyote vimepewa kazi ya pili kwa akili. Jiko lenyewe ni ringi ya gari na linatunza moto vizuri. Maji ya kunawa yanatiririka kutoka kwenye galoni la lita 5 lililotobolewa kwa msumari. Tangawizi inakunwa kwa kopo la maziwa lenye matundu, na masizi yanasuguliwa kwa majivu na kipande cha wavu chakavu kutoka ziwani. Kazi safi, haina la kusahihisha.

Sasa huo mfuko. Anayepalia wali anatafuta mambo mawili: mvuke uzunguke punje, na joto lishuke kutoka juu. Wali uliokauka maji bado una kiini. Ukiachwa na moto wa chini peke yake, utafanya ukoko chini na kubaki mgumu juu. Misungwi ina jambo la ziada. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na mji uko juu kidogo ya hapo, hivyo maji yanachemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, si 100 kama Tanga au Dar es Salaam. Wali wa huku unadai muda zaidi kidogo. Mpishi mzoefu hana kipimajoto, lakini mkono wake unalijua hilo, na ndiyo maana anahangaika kuuzuia mvuke usipotee. Hapo yuko sahihi kabisa.

Ila mfuko haumpi anachokitafuta. Plastiki laini haibani mvuke hadi presha ikapanda. Inavimba, inajiinua, na mvuke unatokea pembeni. Haiongezi joto hata nyuzi moja. Joto la juu linatoka kwenye makaa, na makaa hayo hayo ndiyo yanayougeuza mfuko kuwa hatari. Polithini laini, ile ya mifuko myepesi, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115. Mfuniko wa alumini uliobeba makaa mekundu unapita kiwango hicho bila shida. Ndiyo maana mfuko ukifunuliwa huwa umejikunja na mara nyingine umetoboka. Kipande kilichokosekana hakikupotea hewani.

Na hata usipoyeyuka, bado upo juu ya wali uliokaangiwa vitunguu kwa mafuta. Mafuta ya moto huvuta viambato vya plastiki kwa urahisi kuliko maji. Mifuko ya kubebea mizigo hutengenezwa mara nyingi kwa plastiki iliyokwisha kutumika, ikatiwa rangi, na hakuna aliyeipima kwa ajili ya chakula cha moto. Ule mweupe wa kupakia sukari nao ulikusudiwa sukari kavu, haukukusudiwa nusu saa ndani ya mvuke. Hoja inayotolewa siku zote, kwamba tumekula miaka mingi na hatujafa, haijibu swali la ufundi: mfuko umesaidia nini ambacho mfuniko mzima usingekifanya?

Jibu ni hakuna. Ukichunguza sufuria nyingi zinazofunikwa kwa mfuko, utakuta mfuniko umepinda. Umeangushwa, umekanyagwa, umetumika kama sinia, na ukingo haukai tena. Mfuko umeletwa kuficha ubovu wa mfuniko. Dawa ya mfuniko uliopinda ni nyundo: ugeuzwe juu ya jiwe bapa, ugongwe taratibu ukingoni kwa kuzungusha mpaka ulale. Usipotulia, juu yake liwekwe jiwe.

Waliotangulia waliyajua haya. Akina mama waliowapikia abiria wa kivuko pale Kigongo, kabla daraja la kilomita 3 la Kigongo–Busisi halijafunguliwa tarehe 19 Juni 2025, walikuwa na wateja wenye haraka kuliko hawa wa stendi, kwa sababu kivuko hakimsubiri mtu. Silaha za mpishi wa namna hiyo zilikuwa mfuniko mzito, makaa ya kutosha na subira ya kutofunua sufuria ovyo. Pwani, sufuria ya biriani huzibwa ukingoni kwa unga uliokandwa, na mvuke haupati pa kutokea. Bukoba, ndizi hufunikwa kwa majani ya mgomba. Misungwi haina migomba mingi, ila ndizi za Kagera zinafika sokoni na majani yake, na majani hayo huishia kutupwa jalalani. Hicho ndicho kitu cha kuokota na kukipa kazi ya pili. Kioshwe, kipitishwe motoni kidogo kilainike, kilazwe juu ya wali. Jani haliyeyuki.

Safu hii haitachoka kuvitaja vizazi vilivyopitia miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, sabuni na sukari zilipokuwa za kupanga foleni. Waliosugua vyombo kwa majivu na kufulia majani ya mpapai walikuwa na nidhamu moja ambayo leo imelegea: kabla ya kukibadilishia kitu kazi, waliuliza kilikuwa na nini ndani na sasa kitakutana na nini. Tairi likawa katambuga, kopo likawa koroboi, kila kimoja mahali pake.

Nidhamu hiyo imekosekana kwingine pia, na safu hii imekwisha kulalamika. Mwaka 2008 Noboru Minakawa na wenzake waliandika katika Malaria Journal kuhusu vyandarua vyenye dawa vilivyokuwa vikitumika kuanikia dagaa na kuvulia samaki kwenye vijiji vya ziwa hili upande wa Kenya. Chupa iliyobeba sumu ya pamba bado inaoshwa na kutiwa mafuta ya taa, mara nyingine ya kula, ilhali hakuna muosho unaoifanya iwe salama. Na mkaa bado unawashwa kwa kipande cha ndala au mfuko, moshi mweusi ukipanda kwenye sufuria, katika wilaya inayolima pamba! Masalia ya pamba, ambayo mkulima anatakiwa kuyang'oa na kuyachoma baada ya mavuno, ni vijiti vikavu vinavyoshika moto haraka. Bunzi la mahindi nalo linafaa.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilitangulia kwa miaka zaidi ya kumi. Kanuni za Bara zilimgusa hata anayeutumia mfuko, kwa faini isiyopungua shilingi 30,000. Utekelezaji ukaishia sokoni na bandarini, mikononi mwa wabebaji na kwenye magunia ya wauzaji. Sufuria haikufunuliwa. Wakaguzi wa afya wanaopita kwa mama lishe huulizia cheti cha kupima afya, aproni na maji ya kunawa, na wanafanya vyema. Waongeze jambo moja: wafike stendi ya Misungwi saa 5 asubuhi, wali ukiwa umepaliwa na wateja hawajakaa, waombe mfuniko uinuliwe, na anayekutwa na mfuko aonyeshwe hapo hapo namna ya kuunyoosha mfuniko wake.