Kiganja cha Manuel Santana

Katika zama hizi, ambapo raketi hazitengenezwi tena kwa mbao na mchezaji wa tenisi husifiwa kwa kadiri ya kishindo cha mpigo wake, ni nadra kusikia akitajwa Manuel Santana wa Madrid, aliyefariki Desemba 2021. Nami naona ni dhulma kumsahau fundi aliyeshinda kwa ulatifu kuliko kwa mabavu.

Alizaliwa mwaka 1938, Hispania ikiungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, katika nyumba ya mafukara. Alipotumwa kumpelekea kaka yake chakula katika Klabu ya Velázquez, aliwakuta matajiri wakicheza, na punde naye akawa mwokota mipira. Raketi yake ya kwanza, kwa masimulizi yake mwenyewe, ilichongwa kwa ubao wa kiti. Hapa natamani tutue. Mwokota mipira haruhusiwi kupiga, ila kutazama, na atazamaye kwa miaka huja akajua mpira utaangukia wapi kabla mpigaji hajajua. Nadhani darasa lile ndilo lililokilea kiganja chake: mkono ukiinuliwa kana kwamba pigo zito laja, hasimu akirudi nyuma kwa hadhari, kumbe raketi yaubembeleza mpira tu, ukavuka wavu na kufia papo hapo, na hasimu akija mbele mbio, mpira hupandishwa juu ya utosi wake, ukashukia karibu na mstari wa nyuma.

Kwa hila hiyo alimshinda Mwitalia Nicola Pietrangeli katika fainali ya mashindano ya Ufaransa mjini Paris mwaka 1961, akaangua kilio, hata aliyeshindwa akaja kumkumbatia. Alirudia mwaka 1964. Waliodhani kwamba Mhispania, mtu wa udongo mwekundu, hawezi nyasi, walinyamazishwa Forest Hills, kwenye mashindano ya Marekani, mwaka 1965, kisha Wimbledon mwaka 1966, alipomlaza Mmarekani Dennis Ralston katika fainali kwa seti tatu mfululizo, nembo ya Real Madrid ikiwa kifuani. Wala hapakuwa na zawadi ya fedha, kwani mashindano yalikuwa ya ridhaa.

Ni kweli, kijana Carlos Alcaraz ameurejesha mpira ule mfupi unaofia karibu na wavu, na Mola ambariki. Lakini walimu wengi humfunza mtoto nguvu kwanza, upole ukingoja baadaye, na baadaye hiyo haiji. Picha za sinema za fainali ile ya 1966 zingalipo. Ewe msomaji, zitafute, uzitazame pasipo haraka, na uuangalie mkono wake, si mpira.