Istilahi za Sauti: Funzo Kutoka kwa Vikanyagio vya Gitaa

Istilahi nyingi huundwa kwa macho. Mtaalamu husoma ufafanuzi wa dhana, hupima mizizi ya maneno, kisha hupendekeza. Lakini ziko dhana ambazo macho peke yake hayazitoshi. Miongoni mwake ni zile za vikanyagio vya gitaa la umeme, yaani visanduku ambavyo mpigaji huvibonyeza kwa mguu ili kugeuza sauti ya nyuzi kabla haijafika kwenye kikuza sauti. Katika makala haya tunakusudia kuchambua video zinazoonyesha vikanyagio hivyo, na kutazama zinamfaaje muundaji wa istilahi.

Tumechagua mifululizo miwili ya YouTube. Wa kwanza, That Pedal Show, ulianzishwa Uingereza mwaka 2015 na Dan Steinhardt na Mick Taylor. Wawili hawa huzungumza kama marafiki barazani: hupiga, husimama, hutaniana, na kipindi huweza kuchukua saa nzima. Wa pili ni Knobs, wa Scott Harper. Huyu hasemi neno. Mikono huzungusha vitufe, sauti husikika, na maandishi mafupi hujitokeza kwenye picha, mara nyingi yakiwa na mzaha.

Kwa burudani, yote miwili imefaulu. Kwa mafunzo, twaona ule wa kimya umefaulu zaidi. Wapigaji gitaa wa Kiingereza husema sauti ina joto, ina matope, ni ya kioo, hata ni ya malai. Atafsiriye maneno hayo moja moja haipati dhana. Apata hali ya hewa na chakula. Knobs hutanguliza sikio. Tuchukue Blooper, kikanyagio cha kampuni ya Chase Bliss ya Marekani. Hunasa kipande kifupi cha muziki na kukirudiarudia, huku kikikipunguza mwendo, kukigeuza kinyumenyume au kukikatakata. Kwa maneno matupu jambo hili ni gumu kufahamika. Likisikika mara moja, vitenzi vya Kiswahili huja vyenyewe. Hata hivyo dosari ipo: Harper alishiriki kukibuni kikanyagio hicho, na muuza asali hasemi kwamba nyuki huuma. Mtazamaji hana budi kulikumbuka hilo.

Historia nayo yaonyesha kwamba sauti hutangulia jina. Huko Nashville, kifaa cha studio kiliharibika wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins, Don't Worry, uliotolewa mwaka 1961, na gitaa la besi la Grady Martin likakoroma. Fundi Glenn Snoddy aliuchunguza mkoromo huo, na mwaka 1962 kikanyagio kilichoutoa makusudi kikauzwa kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Watu walikwisha kuisikia sauti ndipo wakaletewa jina.

Jina likitolewa bila uangalifu, madhara yake hudumu. Katika istilahi za muziki, vibrato ni kuyumba kwa kidatu, na tremolo, kwa maana iliyozoeleka katika vifaa vya umeme, ni kupanda na kushuka kwa ukubwa wa sauti. Leo Fender aliyageuza: mkono wa gitaa lake la Stratocaster la mwaka 1954, ambao huyumbisha kidatu, aliuita tremolo, na baadhi ya vikuza sauti vyake, ambavyo hubadili ukubwa wa sauti, viliandikwa vibrato. Mkanganyiko huo haujaondoka hadi leo. Nasi tukiviita vyote viwili "mtetemo", tutakuwa tumeupa mkanganyiko huo uraia wa Kiswahili. Twapendekeza "myumbo" kwa mabadiliko ya kidatu, na "mpwito" kwa mabadiliko ya ukubwa.

Mtego mwingine u katika kikanyagio cha aina ya Boss CE-1 ya mwaka 1976, ambacho jina la athari yake kwa Kiingereza lina maana ya kwaya na ya kiitikio pia. Atumiaye kamusi bila kusikiliza ataandika "kiitikio". Lakini kifaa hiki hakiitikii chochote. Huongeza nakala ya sauti iliyocheleweshwa kidogo na kuyumbishwa, hata gitaa moja likasikika kama mengi. Hiyo ni kwaya.

Wanamuziki wetu wa dansi hawakuingoja kamati ndipo waseme solo, rithimu na besi. Wataendelea kuvipa majina vikanyagio wanavyovitumia, na istilahi yetu isipolingana na wanachokisikia itabaki katika orodha tu. Kwa hiyo twashauri kwamba istilahi yoyote ya sauti isipitishwe kabla wajumbe hawajaisikiliza sauti yenyewe, na mpigaji gitaa awepo kikaoni.