Njano, dhahabu na pinki katika nyumba ya Barragán

Mbunifu akipewa njano kali, dhahabu na pinki azipange pamoja, kwa kawaida huanza kwa kuzigawia nafasi: hii nusu, ile robo, nyingine kidogo pembeni. Matokeo tunayaona kwenye kadi nyingi za harusi: njano imeimeza dhahabu, dhahabu imekuwa hudhurungi, na pinki inapiga kelele peke yake. Luis Barragán, msanifu majengo wa Meksiko, alianzia kwingine. Katika nyumba aliyojijengea Tacubaya, Mexico City, iliyokamilika mwaka 1948, aliifanya njano kuwa mwanga, dhahabu kuwa kitu cha kurudisha mwanga, na pinki kuwa ukuta.

Mgeni hupita kwanza kwenye ujia mwembamba wenye mwanga hafifu, unaopenya kwenye kioo kilichotiwa njano. Chini ni jiwe jeusi la volkano. Akisimama hapo kidogo, macho huizoea njano na kuipunguzia uzito. Kwa hiyo kitakachofuata kitaelekea upande wa pili, kwenye ubluu. Mlango wa ndani unafunguka na mbele yake kuna ukuta wa pinki. Kwa muda mfupi ukuta ule huonekana mkali na wenye uzambarau kuliko rangi iliyopakwa. Njano na pinki zimesaidiana bila kugusana.

Dhahabu iko juu, kwenye kituo cha ngazi: ubao uliofunikwa karatasi nyembamba za dhahabu, kazi ya msanii Mathias Goeritz. Hauna picha wala umbo. Mwanga wa dirisha la juu huupiga ubao huo kisha ukashuka ukumbini. Dhahabu humeza sehemu kubwa ya bluu na kurudisha njano na nyekundu, hivyo mwanga unaofika chini umeshapata joto, na pinki iliyoelekea zambarau hurudi taratibu kwenye wekundu. Rangi ya njano isiyong'aa haiwezi kazi hiyo vizuri, kwa kuwa hutawanya mwanga kila upande na kuonekana vilevile popote unaposimama. Dhahabu hubadilika ukipanda ngazi moja tu. Ndiyo maana ile ya kuchapwa kwa wino wa kawaida, njano iliyochanganywa na nyekundu na weusi kidogo, hukosa uhai: imebakiwa na rangi, mng'ao haumo.

Kwa maoni yangu, lakini, anayestahili sifa zaidi ni lile jiwe jeusi. Linatoka ujiani, linavuka ukumbi na kupanda ngazi, na kuta nyeupe zinalizunguka. Bila hayo mawili jicho lisingepata pa kupumzikia. Wanaoiga Barragán huchukua pinki na kuliacha jiwe, kisha hushangaa kwa nini jengo lao linafanana na duka la peremende.

Mbinu hii ya mwanga wa njano na dhahabu Barragán aliirudia. Kwenye kanisa dogo la watawa wa Kikapuchini huko Tlalpan, Goeritz alitengeneza pia altare ya dhahabu na kioo cha njano, na dirisha lenyewe likafichwa pembeni ili mwamini aone mwanga bila kuona unakotoka. Katika Casa Gilardi ya mwaka 1976, yenye uso wa pinki, ujia mzima hugeuka njano kwa sababu ya vioo vya rangi hiyo kwenye nafasi nyembamba za ukutani. Kuhusu uchaguzi wa rangi zenyewe, alimsikiliza sana rafiki yake mchoraji Jesús Reyes Ferreira.

Wewe unayebuni kadi au bango huna dirisha, lakini unaweza kuchagua karatasi. Tafuta mchapaji anayebandika dhahabu kwa joto, iweke juu ya pinki au nyeusi, mbali na njano. Bajeti ikikataa, iache dhahabu kabisa; njano na pinki zikipewa weupe wa kutosha zinatosha.