Kilichobaki Mwisho wa Kanda

Yupo fundi mmoja Mombasa, katika kichochoro kisicho mbali na Barabara ya Digo, ambaye kazi yake ni kuokoa kanda za video. Duka lake ni dogo: meza, taa ya kuinamisha, deki zilizopandana, na nyuma yake rafu iliyojaa maiti za deki nyingine alizozinunua kwa wauza vyuma chakavu. Kila ninapopata nafasi huenda nikaketi pale nimtazame. Na kila nikimtazama huzidi kuamini kwamba ile tunayoiita bahati, ya kufungua simu usiku na kumkuta Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kile kichekesho cha runinga ya Kenya, akikorofishana na Mama Kayai kama enzi zile, haina bahati ndani yake hata kidogo. Ni mtu aliyeinama mezani akaifanya.

Fundi huyu haitii kanda kwenye deki kabla ya kuinusa. Sisi wa mwambao tunaujua unyevu wetu, jinsi unavyoingia kabatini, sandukuni, hata katikati ya kurasa za msahafu. Kanda haisalimiki. Ukungu huota juu yake, mweupe kama vumbi la unga, na anayeichomeka hivyo hivyo kwa pupa hupoteza vitu viwili kwa mpigo, kwani kanda itakatika na deki itabaki na ukungu wa kuiambukiza kanda inayofuata. Kwa hiyo yeye huifungua ganda, skrubu tano ndogo, akaziweka katika kifuniko cha chupa. Huianika kwanza kwenye kivuli. Kisha huizungusha kwa mkono, taratibu, huku akiifuta kwa kitambaa cha ngozi laini chenye spiriti. Pamba haigusi kabisa, kwa kuwa nyuzi zake hunasa kwenye vichwa vya deki. Baadaye huipitisha katika deki moja kuukuu aliyoitenga kwa kazi hiyo, anayoiita ya kafara, na hapo ndipo kanda inaporuhusiwa kukaribia deki yake nzuri. Asubuhi nzima inaweza kuishia kwenye kanda moja. Wateja humuuliza mbona anachelewa. Hajibu sana.

Jambo lililonifanya nimheshimu zaidi, hata hivyo, ni kwamba husikiliza kabla ya kutazama. Mafundi wengine niliowahi kuwaona hukimbilia picha: wakishapata sura bila chenga wamemaliza. Yeye huvaa vipokea sauti masikioni, akafumba macho, akagusa skrubu ya kichwa cha sauti kwa bisibisi ndogo, robo ya robo ya mzunguko, mpaka ule mvumo mzito uondoke na herufi za mwisho wa maneno zisikike. Katika kanda hizi za zamani za VHS sauti imeandikwa kwenye ukingo wa juu, na ukingo ndio unaotangulia kuharibika, kwa kukunjamana au kuliwa na deki mbovu. Picha huweza kuwa bado ipo na maneno yamekwisha kwenda. Na kwa vipindi vile vyetu vya runinga, maneno yakienda hakuna kilichobaki.

Hebu tuvikumbuke vilivyokuwa. Kwa sehemu kubwa vilikuwa chumba kimoja cha studio, viti viwili vitatu, mlango usiokwenda popote, na watu wanaosema. Magari hayakukimbizana, wala hapakuwa na muziki wa kukuambia sasa cheka, sasa lia. Katika Vioja Mahakamani kulikuwa na kizimba, hakimu, mashtaka, na mshtakiwa aliyekuja na lafudhi ya kwao pamoja na ujanja wake. Ondiek Nyuka Kwota alisimama pale, Makokha alisimama pale, na kesi ya kuku aliyeibwa ikawa mashindano ya ulimi. Kabla yao walitangulia kina Mzee Pembe na Kipanga, waliowafungulia wenzao njia enzi za Sauti ya Kenya, kabla shirika hilo la utangazaji halijarudi kuitwa KBC mwaka 1989. Wale walikuwa watu wa kusema. Walijua neno liangukie wapi, na walijua kunyamaza.

Mzee Ojwang' ni somo peke yake. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, na kwa miaka mingi ndani ya Vitimbi alizungumza Kiswahili cha mzee wa Kijaluo kwa ustadi uliowafanya Wajaluo wenyewe wamchukue kuwa wao. Mkewe wa kwenye runinga, Mama Kayai, ni Mary Khavere, Mluhya, naye vilevile. Lafudhi ile haikuwa kejeli. Msikilize vizuri Ojwang' akitafuta neno, akilikosa, akapita njia ya pembeni mpaka akalifikia: huyo ni mtu aliyekaa na watu akawasikia kwa upendo. Leo nchini mwetu lafudhi ya mtu hutumika kumpimia kabila lake na kura yake. Zamani, jioni, familia ya Kimijikenda, ya Kihindi, ya Kikamba na ya Kisomali ziliketi katika nyumba zinazopakana zikicheka kwa wakati mmoja, maana mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990 kituo kilikuwa kimoja tu kwa nchi nzima. Sisemi kwamba tulikuwa wema kuliko walio sasa. Nasema tulikuwa na kicheko tulichokicheka pamoja, na ushahidi wake uko kwenye ukingo wa kanda, upana wake haufiki milimita chache.

Sasa, ushahidi huo umetoka wapi? Mtu angetarajia umetoka vituoni. KBC yenyewe imepandisha mtandaoni baadhi ya vipindi vyake, na ninashukuru. Lakini kanda kubwa za studio zilikuwa ghali kila mahali duniani, na vituo vingi vilikuwa na mazoea ya kufuta cha jana ili kurekodi cha leo. Hata BBC ya Uingereza, pamoja na fedha zake, ilifuta vipindi vyake vingi vya miaka ya 1960 na 1970, na baadhi havijaonekana tena. Vipindi vyetu vingi vilivyobaki vimebaki kwa sababu mtu fulani nyumbani kwake alibonyeza kitufe.

Na hapa ndipo nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi ya fundi huyu.

Kanda zinazoletwa kwake nyingi ni za harusi. Mombasa ya miaka ya 1980 na 1990 haikuoza mtoto bila mpiga video, na kanda zile za saa tatu ziliwekwa juu ya kabati zikihesabiwa ni mali. Ila kanda mpya ilikuwa na bei. Basi watu walichukua kanda ya zamani, iliyokwisha kurekodiwa vipindi vya runinga. Mwenye busara alikuwa ameshakivunja kile kilimi cha plastiki mgongoni ili isifutike. Asiye na fedha aliliziba tundu lake kwa selotepu na kanda ikakubali kuandikwa upya. Harusi ikapigwa juu yake: kesha, mafungate, akina mama na vishada vya asumini. Harusi ikaisha kwenye saa ya pili na robo. Baada ya hapo, chenga kidogo, mstari wa weupe ukipanda kutoka chini, kisha bila kutarajia, katikati ya sentensi, yuko Mzee Ojwang'.

Nilikuwapo siku mama mmoja wa makamo alipokuja kuchukua harusi ya dadake. Fundi alimwonyesha mpaka mwisho, na Vitimbi ilipozuka mama akaguna.

"Fundi, hayo nikatie. Mie nataka harusi tu."

"Mamangu, sikati," fundi akasema kwa adabu. "Harusi nimekuwekea peke yake, hii hapa. Lakini na hii iliyobaki nakupa, na kwa idhini yako nabaki na nakala. Hukulipia, na sikudai."

Mama alitaka kusema neno, macho yakamrudia kwenye skrini. Mzee alikuwa anadai deni lake, mkewe anamwambia deni alishalilipa kwa kuku. Dakika zile chache zilipokwisha mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, na alichosema ni kwamba marehemu babake alikuwa akicheka hivyo hivyo mpaka anakohoa. Akaomba atumiwe kwenye simu ili awapelekee nduguze.

Mikia hiyo ya kanda fundi ameikusanya kwa miaka. Ndani yake mna nusu ya Vioja Mahakamani isiyo na mashtaka, kwa hiyo hukumu inakuja bila kosa. Mna dakika za mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025, akiuliza kama huu ni ungwana. Mna tamthilia ya Tushauriane ya mwaka 1987. Mna matangazo ya sabuni, na mtangazaji aliyekaa wima akituaga kwa ajili ya usiku. Yote huyahamisha kama yalivyo. Hakati chenga za mwanzo, hafuti tangazo, na majina ya wasanii yakipanda mwishoni huyaacha yapande hadi la mwisho. Nimemwona akirudia kupitisha kanda nzima kwa sababu jina moja la mpiga kamera lilikuwa halisomeki, na mara ya pili likasomeka.

Linganisha na yanayotendwa huko mtandaoni. Video anayoitoa fundi huyu kwa asubuhi nzima hupakuliwa na mtu, ikakatwa vipande vya sekunde chache, ikatiwa muziki wa leo juu ya sauti ya marehemu. Picha iliyopigwa karibu mraba inavutwa ijaze skrini pana, na Mama Kayai ananenepa mashavu ambayo Mungu hakumpa. Au inakatwa juu na chini isimame wima kwenye simu, na yule anayejibu anabaki nje, kwa hiyo anayeuliza anauliza ukuta. Majina yote yanaondolewa. Pembeni linachorwa jina la aliyeiba. Kijana akikiona kipande hicho atadhani kwamba wazee wetu walikuwa watu wa kupiga kelele tu, maana kilichoachwa ni kelele. Ule utulivu wa kabla ya neno, ambao ndio ulioleta kicheko, umekatwa kwa kuwa haukuwa na haraka. Waliocheza wale wengi walilipwa kidogo na kuzikwa kwa michango. Kuwanyang'anya na majina ni jambo zito, na linafanywa kwa kidole kimoja, kila siku, bila mtu kuona haya.

Kanda nyingine zina safari ndefu. Ndugu wa Mombasa na Lamu walizituma Muscat, mikononi mwa wasafiri, kwa jamaa waliohamia huko na kutamani kusikia Kiswahili sebuleni. Fundi anasema hizo ndizo zinazorudi zikiwa salama zaidi, kwa kuwa zilikaa katika nyumba zenye viyoyozi. Zilizobaki kwetu, tulikozipenda, ndizo zilizooza. Hilo huniuma kila nikilifikiria, kwamba picha safi ya jioni zetu yafaa tuiombe kwa walio mbali.

Mzee Ojwang' alifariki Julai 2015, mwaka uleule Kenya ilipozima mitambo ya analogia. Mwaka uliofuata kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki za VHS, iliacha. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha walionya kwamba kisichohamishwa kutoka kwenye kanda kabla ya takriban 2025 huenda kisihamishwe tena, si kwa sababu kanda zote zitakuwa zimekufa, bali kwa sababu hakutakuwa na kitu cha kuzisoma wala mtu wa kukitengeneza. Mwaka huo umekwisha kufika. Kwenye rafu ya fundi, deki tatu mbovu huzaa moja inayokwenda, na vichwa vya hiyo moja, vinavyozunguka mara 25 kwa kila sekunde juu ya kanda, vinalika. Havitengenezwi tena. Vina saa zake, na kila kanda anayoicheza inapunguza.

Vijana wawili walikuja kujifunza kwake kwa nyakati tofauti. Wote walikuwa na mikono mizuri, wote waliondoka kwenda kutengeneza simu, na hawalaumu. Simu inalipa jioni hiyohiyo. Wenye harusi wanalipa pia. Hakuna anayemlipa kwa Vitimbi. Anayo makasha mawili ya kanda zenye vipindi vitupu, zilizorekodiwa na mwalimu mmoja mstaafu wa Likoni kila wiki kwa miaka, na wanawe wamezileta wakasema wazitupe au azichukue. Amezichukua. Bado hajazigusa, kwani saa za vichwa alizobakiwa nazo anazihitaji kwa wateja wanaomlipia kodi ya duka, na mwenye duka ameshampandishia kodi tangu mwezi wa kwanza.