Mbiru na Miaka 50 ya Hakimiliki
Mwaka 1945 wakulima wa Upare waliteremka milimani kwa maelfu, wakakusanyika Same kuipinga kodi ya mbiru ya wakoloni. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliyaandika mapambano hayo kwa Kiingereza, katika kijitabu cha mwaka 1971. Alifariki 2018. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 humlinda mwandishi maishani na miaka 50 baada ya kufa. Basi kijitabu kitakuwa huru 2069.

Hatupingi mwandishi kula jasho lake. Anayemwibia ni mnyonyaji. Lakini marehemu hali. Warithi tungewapa miaka 10, nayo si haba. Kwa sasa mjukuu wa mkulima wa mbiru, akitaka kukitafsiri na kukichapa kwa Kiswahili, sharti aombe ruhusa.