Ukuta wa Nasari Unachorewa Nani?

Panda matatu Nyeri mjini, ushuke Ruring'u au Kamakwa au Skuta, kisha tembea dakika tano upande wowote unaotaka. Utapita nasari. Utaijua hata kama watoto wako ndani wamelala, kwa sababu ukutani kuna Mickey Mouse. Sikio moja ni kubwa kuliko lingine na suruali yake nyekundu imepauka hadi ikawa ya waridi. Kando yake kuna bendera, ramani ya Kenya, jedwali la kuzidisha, na alfabeti inayoanza na apple na kuishia kwa zebra. Ukienda Karatina ni hivyo hivyo. Othaya, hivyo hivyo. Nanyuki wanaongeza kifaru.

Kama kuna sanaa ya umma ambayo kila mtu wa huku kwetu ameitazama, ni hii. Tumeandika kuhusu sanamu ya Kimathi pale Nairobi, tumeandika kuhusu michoro ya mathree mpaka basi. Ukuta wa nasari hakuna anayeuhakiki. Wacha niuhakiki mimi.

Nina haki kidogo ya kufanya hivyo. Nilipoacha chuo mwaka wa pili (karo, hadithi ndefu, si ya leo), nilipata kibarua kwa mzee mmoja anayechora mabango na kuta. Nilishika ngazi, nilikoroga rangi, niliosha brashi kwa tapentaini mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Baadaye akaniruhusu kupiga miraba. Mickey hatoki kichwani mwa fundi. Anatoka kwenye fotokopi iliyochorwa miraba midogo kwa kalamu. Ukutani unapiga miraba mikubwa kwa uzi uliopakwa chaki, halafu unahamisha mraba mmoja mmoja. Fotokopi ya mzee ilikuwa imekunjwa miaka mingi hadi ikatoboka pale puani. Kwa hiyo pua ya Mickey wake ni ya kukisia, na kila shule imepata pua yake. Hivyo ndivyo ninavyotambua kazi zake hadi leo nikiwa ndani ya matatu.

Zamani nilikuwa nacheka kuta hizi. Nilikuwa nimemsoma Elimo Njau, yule Mchaga wa Marangu aliyesomea Makerere na ambaye mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa pale Nairobi. Njau alihubiri maisha yake yote kwamba msanii asiige. Na hakuhubiri tu. Nenda Murang'a, kwenye kanisa kuu la Kianglikana, uone michoro mitano mikubwa aliyoiacha mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati mji bado unaitwa Fort Hall na majeraha ya Mau Mau bado mabichi. Kuzaliwa kwa Yesu hadi kusulubiwa, na Yesu mwenyewe ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni ya huku. Nilipoingia mle mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi la nyuma nusu saa nzima bila kutoa simu. Baada ya hapo, mtu akuonyeshe Mickey wa pua ya kukisia? Niliona aibu kwa niaba ya mji mzima.

Siku hizi sidhani kuiga ndiyo kosa. Mzee wangu alikuwa anaiga, lakini mji ulikuwa ukipenya tu. Angalia ramani. Shule nyingi za rika langu zilichorewa ramani ya mikoa minane, na Nyeri ikapewa nukta kubwa nyekundu kwa sababu ndiyo ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati. Ikaja katiba ya 2010, kisha uchaguzi wa 2013, na ghafla kukawa na kaunti 47. Tuliitwa shule baada ya shule kubadilisha. Rangi ya maji ya bei nafuu haifuniki vizuri, kwa hiyo mvua mbili baadaye mikoa inaanza kuchungulia chini ya kaunti. Kuna ukuta naujua ambapo ile nukta nyekundu ya Nyeri imekataa kabisa kuzimika. Hakuna aliyekusudia, na bado ndiyo picha ya kweli zaidi ya mji huu niliyowahi kuona: makao makuu ya kitu ambacho hakipo tena. Mlima nao umechorwa mweupe kuanzia kileleni hadi mabegani, mita 5,199 zimeandikwa kando. Barafu yenyewe huko juu inazidi kuisha. Ile ya ukutani ikipauka tunaipaka upya.

Kosa ninaloliona mimi ni la kimo.

Mwenye shule anapoagiza mchoro, anasimama barabarani, si uani. Anataka mzazi aliye kwenye nduthi aone Mickey na ajue hapa kuna masomo. Basi Mickey anapanda juu ya dirisha. Mtoto wa miaka minne ana kimo cha mita moja hivi. Kilicho mbele ya macho yake ni ule mkanda mweusi wa rangi ya mafuta unaozunguka kila shule Kenya, ambao kazi yake ni kuficha udongo mwekundu unaoruka mvua ikinyesha. Kwa ufupi, mtu mzima amepewa picha na mtoto amepewa rangi ya kuficha uchafu.

Lakini watoto si wajinga. Mkanda mweusi ukiupa chaki ni ubao.

Mwaka huo, mwezi wa saba, baridi ya gathano imekaza, tuliitwa kurekebisha nasari moja kabla ya wakaguzi kuja. Ni nasari niliyosoma mimi. Zamani ilizungukwa na kahawa na migomba. Sasa kuna ploti za gorofa pande tatu, na uani jua linafika saa tano. Mzee akapanda juu kushughulikia alfabeti. Mimi nikaambiwa, "Wewe piga hiyo chini mara mbili. Ikikauka kusionekane kitu."

Nikachuchumaa. Kulikuwa na gorofa la madirisha mengi sana, mengi hadi ukuta ukamwishia mchoraji na akaendelea baada ya kona. Kulikuwa na nduthi yenye watu watatu na mtungi wa gesi. Mama mwenye mikono mikubwa kuliko kichwa. Juu ya gorofa kulikuwa na kitu cha duara chenye miguu ambacho sikukielewa hadi nilipogeuka na kutazama nyumba za jirani: tangi la maji. Na kamba za nguo, kila orofa kamba yake.

Chini ya chaki kulikuwa na mikwaruzo ya zamani, ya msumari. Nyumba ya mlango mmoja. Jiko kando, linatoa moshi. Migomba. Mbuzi, au mbwa. Hiyo ni mikono ya watoto wa wakati wangu, na pengine nyumba mojawapo niliikwaruza mimi. Nilijaribu kukumbuka nikashindwa.

Juu ya kichwa changu, fundi alikuwa anarudishia rangi H, ambayo katika alfabeti yetu ni kibanda cha duara cha nyasi. Hakuna mtoto wa shule ile aliyewahi kulala kwenye nyumba ya namna hiyo. Mtaa wao, wote, na jinsi ulivyogeuka, ulikuwa huku chini magotini.

Kijana mmoja mwenye sweta la kijani akaja akasimama nyuma yangu.

"Anko, mbona unafuta?"

"Wakaguzi wanakuja."

Akafikiria. "Kwani hawapendi gorofa?"

Niliendelea kupaka. Nilihitaji ile pesa, na sitajifanya hapa kwamba nilisita sana. Chaki iliisha kwa mkono wa kwanza. Mikwaruzo ya msumari haikuisha hata kwa mkono wa pili; ukisimama pembeni jioni bado unaona moshi wa lile jiko.

Nilipita pale mwezi jana. Mickey amebaki soksi na tabasamu. Mkanda mweusi umejaa tena: gorofa refu zaidi, na safari hii kuna lifti, nadhani, sanduku lenye watu wawili ndani. Nilimsalimia mwenye shule, nikamwambia kuna rangi ya ubao, inauzwa mjini, mkebe mmoja unatosha ukuta mzima wa chini, na watoto wakipewa chaki hatahitaji kuniita nifute. Alinisikiliza vizuri. Kisha akauliza bei, nikamtajia.

Akasema ataongea na wazazi kwanza, na kwamba kama nitarudi, nije na yule mzee amrekebishie Mickey.