Swali Lililoishia Njiani

Ndugu msomaji, wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Simu iliyomo mfukoni mwako imeundwa, na vipande vyake vidogo vimeunganishwa kwa bati lililoyeyushwa. Sehemu ya bati la dunia hutoka mashariki ya Kongo. Jambo hilo ndilo lililomshughulisha Frank Piasecki Poulsen, mtengenezaji sinema wa Denmark, katika picha yake Blood in the Mobile ya mwaka 2010. Yafaa kuitazama, na yafaa kuipima vile vile.

Wema wake ni kwamba haikukaa mbali. Poulsen alifunga safari mpaka machimbo ya Bisie, Walikale, huko Kivu Kaskazini, akaingia chini ya ardhi akiongozwa na kijana mdogo. Mtazamaji anaonyeshwa mashimo membamba, kiza, na kazi inayofanywa chini ya mikono ya wenye silaha. Kisha akenda Finland kuwauliza Nokia: je, mwaweza kuhakikisha kuwa simu zenu hazina madini ya vita? Alijibiwa kwa adabu, lakini hakupewa uhakika. Hapo picha imetenda haki, maana imeonyesha kuwa kutojua si udhuru kwa mwenye kufaidika.

Ama kasoro yake ni hii: mtengenezaji amejiweka mbele mno. Twaijua safari yake na ghadhabu yake. Mchimbaji twaliona jasho lake kuliko tunavyoyasikia maneno yake. Na watu wale husema Kiswahili, lugha hii hii uisomayo. Hawakukosa ulimi wa kueleza ni nani apimaye mzigo, nani atozaye njiani, na kipi kinachobaki cha kulisha watoto.

Upungufu huo si mdogo. Julai 2010 Marekani iliweka sheria ya kuzitaka kampuni zenye hisa sokoni zieleze kama madini yao yatoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Maelfu ya watu wakakosa riziki, wala vita havikwisha. Wanunuzi wengine waliona ni wepesi kuikimbia Kongo kuliko kuisafisha biashara yao. Na huko Bisie, ambako kampuni ilianza kuchimba bati kwa mitambo mwaka 2019, kazi ilisimama kwa muda Machi 2025 wapiganaji wa M23 walipokaribia.

Basi dhulma haiondoki kwa mnunuzi kugeuza uso. Sisi tumefunzwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Hatukufunzwa kumfukuza ili tusilione jasho lenyewe.

Itazame picha hii, msomaji, lakini usiridhike na swali lake peke yake. Yeye aliuliza bati limetoka wapi. Wewe uliza pia aliyelitoa alilipwa nini, na simu yako ingali nzima, usiitupe kwa ajili ya fahari.